Kuwasilisha na kufuta azimio kwenye NationStates: mwongozo wa mchezaji wa Dar

Pendekezo langu la kwanza la kufuta azimio kwenye NationStates, mchezo wa mtandaoni wa kuendesha mataifa, lilidumu muda wa chai na chapati mbili. Nililituma asubuhi nikiwa kwenye kibanda cha mama ntilie pale Sinza, nikakaa nasubiri pongezi. Kikombe hakijaisha, mchezaji mmoja akaniandikia swali fupi: "Umesoma kifungu cha 3?" Sikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimesoma jina la azimio, nikapandwa na hasira, nikaandika. Kumbe jambo nililolilalamikia kwa aya mbili nzima, kifungu cha 3 kilikuwa kimelimaliza kwa mstari mmoja.

Tangu siku hiyo wadogo zangu wa mtaani wakiniuliza jinsi ya kutunga sheria kwenye huu mchezo, naanza na kufuta, halafu ndiyo narudi kwenye kutunga. Anayejua kufuta anajua kusoma, na mapendekezo mengi hufia kwenye kusoma. Humu lakini nitafuata mpangilio wa kawaida, maana huwezi kufuta chochote kama hata mlango wa kuingilia hujaupata.

Mchezo wenyewe, kwa kifupi

NationStates ilianzishwa Novemba 2002 na mwandishi wa Australia, Max Barry, kama njia ya kuitangaza riwaya yake. Unaunda taifa, unaamua masuala yake ya kila siku, na ukitaka unajiunga na chombo cha kimataifa kinachotunga sheria za kuwabana wanachama wote. Zamani chombo hicho kiliitwa Umoja wa Mataifa, hadi Umoja wa Mataifa wenyewe, ule wa New York, ulipoandika barua kukataza jina lake lisitumike. Mwaka 2008 kikageuka kuwa World Assembly, ambayo hapa nitaiita Bunge la Dunia. Sheria zilizopitishwa chini ya jina la zamani zikabaki kuwa kumbukumbu tu, na hesabu ikaanza upya kwenye namba 1.

Bunge hilo lina vyumba viwili. Baraza Kuu linatunga sheria: haki za watu, biashara, mazingira, silaha. Baraza la Usalama, lililoongezwa mwaka 2009, linashughulika na wachezaji na kanda zao (makundi ya mataifa yanayokaa pamoja), yaani kusifu, kulaani, au kuikomboa kanda iliyotekwa. Mwongozo huu ni wa Baraza Kuu. Lile la Usalama lina mila zake na sitaki kuchanganya madawa.

Hatua ya kwanza: uwe mwanachama, na uwe na wadhamini wawili

Taifa jipya halina haki ya kupendekeza. Omba uanachama wa Bunge, thibitisha kwa barua pepe, kisha hakikisha mataifa mawili ya kanda yako, nayo yakiwa wanachama, yamekudhamini. Wa kanda nyingine hahesabiki, hata muwe marafiki wa kufa na kuzikana. Mtu wa hapa hahitaji maelezo marefu: mgombea anazunguka kutafuta wadhamini kabla ya kurudisha fomu, na wewe ni hivyo hivyo, ila wako ni wawili tu.

Unaruhusiwa kuwa na mataifa mengi upendavyo, lakini ndani ya Bunge mtu mmoja ana taifa moja. Usijidhamini kwa mlango wa nyuma kwa kufungua la pili na la tatu. Wasimamizi wanaona zaidi ya unavyodhani, na ukikamatwa unafukuzwa Bungeni. Mkiwa wawili mnaotumia waifai moja ya hosteli, kila mmoja awe na taifa lake na barua pepe yake, na mkiulizwa semeni ukweli mapema.

Hatua ya pili: soma yaliyopo

Hapa ndipo watu hukimbia. Maazimio yaliyopita ni mamia, na yote yako wazi kwa jina, namba na maandishi kamili. Huna haja ya kuyasoma yote. Tafuta yanayogusa mada yako, uyasome kifungu kwa kifungu, ukijiuliza mambo matatu.

Je, jambo langu limeshatungiwa sheria? Kama ndiyo, pendekezo lako ni marudio, nalo litatupwa. Je, linapingana na azimio lililo hai? Hilo nalo litatupwa, kwa sababu sheria mbili haziwezi kuamuru kinyume kwa wakati mmoja. Je, kuna azimio lililofunga mlango kwa makusudi? Yapo maazimio yanayosema kwamba jambo fulani ataliamua kila taifa peke yake, na wachezaji wengine huyatunga ili kuwazuia wenzao wasiliguse kabisa. Mimi huyaita makufuli. Ukikuta kufuli, kazi yako ya kwanza ni kulifuta, na sheria uliyoikusudia itangoje.

Kitu kinachowashangaza wageni: humu hakuna marekebisho. Huwezi kubadilisha neno moja kwenye azimio lililopita, wala koma. Sisi tumezoea vingine. Azimio la Arusha la 1967 liliwekea viongozi miiko, na mwaka 1991 kule Zanzibar masharti hayo yakalegezwa bila mtu kutangaza kwamba Azimio la Arusha limefutwa. Bunge letu nalo hupitisha muswada mmoja wa marekebisho ya sheria mbalimbali, ukabadilisha sheria hata kumi kwa mpigo. Kwenye NationStates njia hiyo haipo. Azimio lenye kasoro ama unaliacha na kasoro yake, ama unalifuta lote na kuandika jingine toka mwanzo.

Hatua ya tatu: andika rasimu

Mapendekezo yanaandikwa kwa Kiingereza. Usiogope. Ushauri wangu ni uzipange hoja kwa Kiswahili kwanza, ukiwa na kalamu na karatasi, ndipo uhamie kwenye Kiingereza. Ukianza moja kwa moja na Kiingereza cha kuazima, unajikuta umeandika maneno makubwa yasiyo na amri yoyote ndani yake.

Umbo lenyewe unalijua kama umewahi kusikia hoja ikisomwa bungeni: kwa kuwa hili, na kwa kuwa lile, hivyo basi Bunge linaazimia. Sehemu ya juu ni sababu, sehemu ya chini ni amri. Amri ndiyo sheria. Pendekezo lenye sababu saba tamu na lisilo na amri hata moja halikubaliki.

Pima uzito wa vitenzi. Kuna kuamuru, kuna kutaka, kuna kupendekeza, kuna kuhimiza. "Linahimiza mataifa yapande miti" ni ombi, na taifa linaweza kukaa bila kupanda hata mwarobaini mmoja. Uzito huu unaamua pia kiwango utakachochagua wakati wa kuwasilisha, kwa kuwa fomu inakutaka uchague kundi la sheria na nguvu yake: nyepesi, ya kati au kali. Ukiandika maombi matupu kisha ukachagua "kali", umeponzwa na haraka. Kundi nalo lisikutoke mkononi. Sheria ya kuongeza uhuru wa raia ikiwekwa kwenye kundi la kubana maadili, imekufa kabla ya kupumua.

Makosa mengine yanayowaangusha watu wetu, kwa jinsi nilivyoona:

Kutaja dunia halisi. Mchezo una dunia yake. Tanzania haimo, Ziwa Victoria halimo, Umoja wa Afrika haumo. Kijana mmoja alinionyesha rasimu nzuri sana ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, iliyofunguka kwa mfano wa katazo letu la Juni 1, 2019. Nikamwambia hoja abaki nayo, tarehe na nchi avitoe. Aliumia, maana ndiyo ilikuwa aya yake bora.

Kutaka mchezo wenyewe ubadilike. Huwezi kuamuru kura ziwe za siku kumi, au taifa fulani lifukuzwe kwenye kanda. Hiyo ni mitambo ya mchezo. Kwa sababu hiyo hiyo, azimio haliwezi kujikinga kwa kusema halitafutwa kamwe.

Kuegemea azimio jingine. Ukiandika kwamba kamati yako itafanya kazi "kama ilivyoelezwa kwenye azimio namba fulani", siku lile likifutwa la kwako linabaki kuta bila msingi. Kila pendekezo lisimame kwa miguu yake.

Kuunda kamati na kuishia hapo. Kamati inaruhusiwa ikiwa inasaidia kutekeleza amri iliyomo. Wajumbe wake pia si wachezaji. Ni watumishi wa kufikirika, kwa hiyo usijiteue mwenyekiti.

Na usinakili kazi ya mtu. Kwenye wizi wa maandishi hakuna utani, wasimamizi wanakuadhibu.

Rasimu ikishakaa vizuri, waonyeshe wachezaji wazoefu kabla hujabofya chochote, uwape wiki mbili hivi. Watakukosoa bila kukubembeleza. Mimi niliwahi kuambiwa kifungu changu kizima "hakina kazi", na baada ya kununa siku mbili nikakitoa. Hawakuwa wamekosea.

Hatua ya nne: wasilisha, kisha utembee kwa wajumbe

Kuwasilisha ni kubofya. Kazi inaanza baada ya hapo. Kila kanda ina mjumbe wake mmoja, yule mwanachama aliyedhaminiwa na wengi zaidi, na pendekezo lako haliendi kwenye kura mpaka asilimia 6 ya wajumbe wote waliidhinishe. Wajumbe wakiwa 1,000, unahitaji 60. Muda ni siku chache, na akidi isipotimia pendekezo linaanguka lenyewe.

Mfikirie mjumbe wa nyumba kumi. Hakai kusubiri karatasi yako. Mpaka ugonge mlango. Mlango wake hapa ni telegramu. Unaweza kuwaandikia wajumbe mmoja mmoja bure, au kununua stempu za mchezo kwa pesa halisi ukatuma kwa wengi kwa pamoja. Mimi sijawahi kununua. Telegramu ya sentensi nne inatosha: azimio linafanya nini, kwa nini sasa, kiungo, asante. Ukiandika waraka, mjumbe anaufunga.

Wakati huo huo lipo jopo la wachezaji waliobobea, Sekretarieti Kuu, linalokagua uhalali. Mchezaji yeyote anaweza kupinga pendekezo lako mbele yao. Wakiona limevunja kanuni, linaondolewa hata kama idhini zilikuwa zinamiminika. Ukigundua kosa mwenyewe likiwa bado foleni, liondoe, rekebisha, wasilisha tena. Kuondoa mapema hakuna aibu yoyote.

Likifika kwenye kura, linakaa siku nne, na huna ruhusa ya kugusa hata herufi. Wingi wa kawaida unatosha. Ila kura hazilingani: mwanachama wa kawaida ana moja, mjumbe ana yake pamoja na moja kwa kila mdhamini wake. Mjumbe mwenye wadhamini 200 anapiga kura 201. Kwa hiyo kanda kubwa tano zikikukataa saa ya kwanza, utaona mstari mwekundu unavyonenepa, na wadogo wengi huwa wanafuata upepo. Zungumza na hao wakubwa kabla ya kura, ukiwa bado na rasimu.

Siku ya mchezo inageuka saa sita usiku ya pwani ya mashariki ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa moja asubuhi wakati wao wana saa za kiangazi, na saa mbili asubuhi wakati wa baridi yao. Kura yako inafunguka na kufungwa ukiwa kwenye foleni ya Mwendokasi, kwa hiyo maliza telegramu zako usiku.

Kufuta azimio

Unafungua ukurasa wa azimio lenyewe na kuchagua kulifuta. Hakuna kundi la kuchagua, hakuna nguvu ya kupima. Masharti ya wadhamini wawili, asilimia 6 na siku nne ni yale yale. Kwa kuwa fomu ni fupi, watu wanadhani na kazi ni ndogo.

Pendekezo la kufuta lina amri moja tu: azimio hili linafutwa. Yote yaliyobaki ni hoja, na hoja hizo zinapimwa kwa ukali kuliko za kutunga. Nikuonyeshe kwa mfano wa kubuni.

Tuseme lipo azimio kuhusu taka za meli. Kifungu cha 1 kinaamuru bandari zote zijenge sehemu ya kupokelea taka. Kifungu cha 2 kinahimiza mataifa yasizitoze ada meli ndogo. Kifungu cha 3 kinaruhusu kumwaga taka baharini ikiwa kuna dharura inayotishia maisha ya mabaharia. Mchezaji mwenye hasira anaandika hivi:

"Kwa kuwa azimio hili linawalazimisha wavuvi wadogo kulipa ada, na kwa kuwa linawaacha mabaharia wafe bila ruhusa ya dharura, na kwa kuwa linaingilia uhuru wa mataifa, hivyo basi linafutwa, na kila taifa litaanzisha mfuko wa wavuvi."

Ihesabu. Ya ada ni uongo, hata kama hakukusudia. Kifungu cha 2 kinahimiza wasitozwe. Ya dharura ni uongo mwingine, kifungu cha 3 kipo. Kulisingizia azimio maneno ambayo halikuyasema ni kosa la kutosha kulitupa pendekezo lote, na kujitetea kwamba uliteleza hakusaidii. Uhuru wa mataifa unaruhusiwa kuutaja, lakini usiwe hoja pekee, kwa sababu kila azimio linaingilia uhuru wa mataifa. Ndiyo kazi ya Bunge. Sasa toa zile mbili za uongo uone kilichobaki. Na ule mfuko wa wavuvi mwishoni ni sheria mpya. Pendekezo la kufuta halitungi chochote.

Sasa nenda Feri asubuhi. Upande huu boti za wavuvi na kelele za mnada, mbele yako meli ya makontena inapita mlangoni kuelekea bandarini. Ukirudi kwenye kifungu cha 1 utaona neno moja limekaa vibaya: "zote". Mchezaji aliyetulia anaandika:

"Kwa kuwa nia ya azimio hili ni njema, lakini kwa kuwa kifungu cha 1 kinaamuru bandari zote bila kutofautisha bandari ya mizigo na gati la mitumbwi, hata kijiji chenye boti tano kibebeshwe ujenzi ule ule, na kwa kuwa kifungu cha 3 hakisemi nani atathibitisha kwamba dharura ilikuwepo, hivyo nahodha mzembe anaweza kujificha humo, hivyo basi azimio hili linafutwa."

Kila hoja ina kifungu chake. Msomaji anaweza kufungua azimio na kukuhakiki kwa nusu dakika. Hata mtunzi wa azimio la zamani, ambaye kwa kawaida ndiye atakayekupinga kwa nguvu zote, atabaki kubishana na neno "zote" aliloliandika mwenyewe.

Njia yangu ninapofuta ni hii: natoa chapa ya azimio kwa fundi wa steshenari (shilingi mia chache kwa ukurasa), nachora mstari chini ya kila kitenzi cha amri, kisha pembeni naandika nani anaumia na vipi. Kifungu nisichokipatia mtu anayeumia, sikitaji. Nikipata viwili vyenye mashiko naandika. Nikipata kimoja dhaifu naacha, kwa sababu wapiga kura huuliza swali moja: ukilifuta, nini kinabaki?

Jibu la swali hilo ni mbadala. Andaa rasimu ya azimio jipya kabla ya kuwasilisha la kufuta, ionyeshe kwa wakubwa wa kanda, lakini usiichomeke ndani ya pendekezo la kufuta. Wala usiiwasilishe mapema, maana azimio la zamani likiwa hai ya kwako ni marudio au mgongano. Na ujue kwamba kufuta hakufutiki. Likishapita, huwezi kupendekeza kulifuta lile la kufuta ili la zamani lifufuke. Anayetaka la zamani lirudi anaandika upya.

Mara ya kwanza nilipofanikiwa kufuta, kura ilifungwa asubuhi nikiwa tayari nimeshafungua duka Kariakoo. Rasimu ya mbadala ilikuwa kwenye kompyuta, nyumbani Kimara. Azimio likishaondoka uwanja ni wa kila mtu, haujali nani aliufyeka. Nilipofika nyumbani jioni, mbadala wa mchezaji mwingine ulikuwa umeshaanza kukusanya idhini za wajumbe, na kwa haki ya Mungu ulikuwa umeandikwa vizuri. Ulipofika kwenye kura, nikaupa kura yangu. Siku hizi rasimu inakaa kwenye simu.